Viza ya kustaafia nje: wanaangalia hela inaingiaje, sio unazo ngapi

Swali: "Mwanangu habari za kazi. Mi nina miaka 57, mzee wangu ana 61 na keshastaafu, mi namalizia mwakani. Yeye anapata pensheni ya kila mwezi kama dola 1,300, mi ntapata mkupuo halafu pensheni ndogo ya kama 400 kwa mwezi, na tuna nyumba tumepangisha inaingiza 600. Watoto washakua. Tunataka tukapumzikie nje, tumefikiria Hispania, Ureno au Thailand, ila mtoto wetu mmoja yuko Canada ana ukaazi wa kudumu anatuvutia kule. Kuna wakala anasema anatuhakikishia viza ndani ya wiki 6, sharti tuuze nyumba ili tuonyeshe hela benki. Mi ni mhasibu, naweza kuendelea na vikazi vya onlaini nikiwa huko? Mzee ana presha lakini anatumia dawa yuko vizuri. Pasi tunazo, ya kwake inaisha mwakani mwezi wa tisa. Tuanzie wapi?"

Jibu:

Shikamoo mama. Nianze na huyo wakala maana ndo kanishtua kuliko vingine vyote: msiuze nyumba. Narudia, msiuze nyumba, hata akija na mkataba wenye mhuri wa dhahabu. Hakuna mtu nje ya ubalozi anayeweza kukuhakikishia viza, maana anayeamua ni afisa anayekaa ndani na faili lako mbele yake, wakala yeye anapanga makaratasi tu na kukuwekea apointimenti, na wapo wazuri sana kwa hiyo kazi, ila akishasema neno "guaranteed" au "nakuhakikishia" we chukua mkoba wako uondoke. Na hizo wiki 6 sijui kazitoa wapi, Hispania peke yake sheria inawapa miezi 3 ya kujibu baada ya kupokea maombi, hapo bado hujahesabu muda wa kukusanya vyeti, kutafsiri na kugonga mihuri.

Halafu ushauri wenyewe wa kuuza nyumba umekaa kichwa chini miguu juu. Ngoja nikueleze kwa nini, maana ukilielewa hili jambo moja mengine yote utayaona mwenyewe.

Viza ya mstaafu sio kama viza ya kutembea. Ya kutembea wanataka kujua utarudi. Ya mstaafu wanajua hurudi, wanachotaka kujua ni kama miaka 10 ijayo utakuwa unakula kwa hela yako au utakuwa umeanza kutafuta kibarua kwao, au mbaya zaidi umekuwa mzigo wa serikali yao. Kwaiyo afisa anasoma faili lako akiwa na maswali matatu kichwani, hii hela inatoka wapi, itaendelea kuja hata huyu mtu akilala tu, na je, imeshawahi kuonekana ikiingia au ni maneno? Kiasi kinafuata baadae. Kiasi ni mstari tu, ukiupita umeupita, kuupita mara tatu hakukuongezei sana.

Nikupe mfano. Niliwahi kuletewa stetimenti ya benki ya baba mmoja, miezi 12, amekataliwa na haelewi kwa nini maana mwisho wa ukurasa salio linasoma dola 48,000. Nikaipitia mstari kwa mstari. Miezi 11 akaunti inaingia pensheni tarehe 25, inatoka yote ndani ya wiki, salio linabaki dola mia na kitu, inaingia inatoka, inaingia inatoka, afu siku 16 kabla ya apointimenti inatua 47,500 kwa mara moja, maelezo yameandikwa "transfer" basi. Ameuza kiwanja, hela ni halali kabisa! Lakini hakuweka mkataba wa mauzo, hakuweka chochote, na afisa akiona hivo anachosoma ni kwamba huyu kaazima hela ya kuonyesha, akishapata viza anairudisha kwa mwenyewe. Sasa huyo wakala wako anataka mfanye hivohivo, tena mkishauza nyumba mnapoteza ile 600 ya kila mwezi ambayo ndo aina ya hela wanayoitaka.

Kwaiyo tuangalie hela zenu kwa jicho la afisa. Pensheni ya mzee, 1,300 ya maisha, hiyo ndo nguzo ya faili. Haihitaji maelezo, inatakiwa barua tu ya mfuko wa pensheni inayosema jina kamili, kiasi, na neno muhimu kuliko yote, kwamba analipwa maisha yake yote. Barua nyingi za mifuko haziandiki hilo, zinaandika tu "ni mstaafu wetu na analipwa kiasi fulani", ukiipokea hivo irudishe palepale dirishani waandike upya. Pensheni yako ya 400 ni hivohivo ila bado haijaanza, na hela ambayo haijaanza kuingia kwa afisa ni kama haipo, kwaiyo msiombe kabla hujastaafu na kupokea angalau miezi mitatu hadi sita. Kodi ya nyumba inahesabika kama kuna mkataba wa upangaji, inaingia benki (sio mpangaji anakuletea mkononi), na inalipiwa kodi ya serikali. Kama mpangaji wenu analipa keshi, leo hii mwambieni aanze kupitisha benki. Na mkupuo wako ukitoka usiugawe kwa watoto wala usinunue gari, ukae kwenye akaunti yenye jina lako, pamoja na barua ya mfuko inayoonyesha ndo umetoka huko. Huo ndo utakuwa akiba, na nchi nyingi zinapenda kuona akiba pembeni ya kipato.

Sasa nchi. Canada niiondoe mapema, samahani kwa mtoto. Canada haina viza ya kustaafu, kama ambavyo Marekani haina, na Uingereza walikuwa nayo wakaifunga mwaka 2008, Australia nao wakafunga ya kwao kwa waombaji wapya mwaka 2018. Ila kwa Canada kuna kitu kinaitwa super visa, ni ya wazazi na mababu wa raia au wakaazi wa kudumu, na mtoto wako kwa kuwa ana ukaazi anaweza kuwaalika. Inadumu hadi miaka 10 na tangu mwaka 2022 unaweza kukaa hadi miaka 5 kwa kuingia mara moja. Masharti yanambana zaidi yeye kuliko nyie, lazima kipato chake kifike kiwango kinachotakiwa kulingana na ukubwa wa familia yake pamoja na nyie, halafu mnakata bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Canada kwa mwaka mmoja. Lakini hii inabaki kuwa viza ya mgeni. Haikupi ukaazi na wala haihesabu miaka yako kuelekea ukaazi. Kama lengo ni kulea wajukuu miaka miwili mitatu, nzuri. Kama lengo ni kwenu pa uzeeni, hapana.

Ureno ndo pameendana na nyie kuliko pote ulipotaja. Viza yao inaitwa D7, ni ya watu wenye kipato kisichotokana na kufanya kazi, yaani pensheni, kodi za nyumba, gawio. Kiwango kimefungwa kwenye kima cha chini cha mshahara wa nchi yao, mwaka 2025 kilikuwa euro 870 kwa mwezi kwa muombaji, mwenzi anaongeza nusu yake, kwaiyo wawili ilikuwa euro 1,305. Kima hicho wamekuwa wakikipandisha kila Januari, angalia cha mwaka mtakaoomba. Kwa dola 2,300 zenu kwa mwezi (1,300, 400 na 600) mnapita bila kuhema, tena muombaji mkuu akiwa mzee. Wanataka pia muwe na mahali pa kukaa kwa maandishi, mkataba wa kupanga wa mwaka ndo wanaoupenda, namba ya mlipakodi ya kule inaitwa NIF, cheti cha tabia njema kutoka polisi, na balozi zao mara nyingi zinataka kuona akiba inayolingana na kile kiwango mara miezi 12. Hapo ndo mkupuo wako unakaa. Viza yenyewe ni ya siku 120 tu, ya kuingilia, mkifika ndo mnaenda kuchukua kibali cha ukaazi cha miaka 2, baadae kinahuishwa kwa miaka 3. Ubaya wake upo hapohapo: ofisi ya wahamiaji ya zamani ilivunjwa Oktoba 2023 ikaja mpya inaitwa AIMA, ikarithi foleni ya mafaili laki kadhaa, na watu wamekaa miezi na viza iliyokwisha mkononi wakisubiri kuitwa. Haimaanishi msiende, inamaanisha mkienda nendeni na hela ya kusubiria na kila karatasi nakala mbili.

Hispania mama naomba tuseme ukweli, kwa sasa haifiki. Yao wanaiita ya wasiofanya kazi, visado no lucrativo, na hesabu yake inatumia kipimo kinaitwa IPREM ambacho ni euro 600 kwa mwezi. Muombaji mkuu anatakiwa mara nne, 2,400 kwa mwezi, kila tegemezi anaongeza mara moja, 600. Wawili ni 3,000 kwa mwezi, 36,000 kwa mwaka. Nyie mko 2,300 na hizo ni dola. Wanakubali akiba ijazie pengo, lakini kipindi cha kuhuisha ni miaka miwili miwili, kwaiyo unatakiwa kuonyesha tena na kwa kipindi kirefu zaidi, mkupuo utakuwa unaliwa huku na kuonyeshwa huku. Mi sipendi mpango ambao unapita mwaka wa kwanza unakwama wa pili.

Thailand nitaieleza zaidi kidogo maana ndo nchi ambayo watu wanaingia wakiona rahisi afu wanakuja kujikwaa kwa vitu vidogovidogo. Umri ni miaka 50 na kuendelea, nyote mmepita. Hela ni moja kati ya tatu, baht 800,000 benki, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au mchanganyiko wa vyote viwili ukijumlisha mwaka mzima ufike 800,000. Pensheni ya mzee peke yake haifiki 65,000, kwaiyo ni kuchanganya na akiba au kuweka 800,000 zote, afu we unaweza kumfuata kama mwenzi wake. Kuna njia mbili za kuingilia. Moja unaombea nyumbani kabla hujasafiri, O-A, hiyo inataka cheti cha tabia njema, cheti cha daktari na bima ya afya. Cheti cha daktari usishangae kinavyosomeka, daktari anathibitisha huna ukoma, kifua kikuu, matende, kaswende ya hatua ya tatu wala uraibu wa dawa za kulevya, watu huwa wanacheka wakiisoma lakini ndo fomu ilivyo. Njia ya pili unaingia na Non-O ya siku 90, unafungua akaunti kule, unaweka hela, afu unaomba kuongezewa mwaka mmoja kwa sababu ya kustaafu. Hii ya pili haidai ile bima, ndo maana wengi wenye maradhi ya uzeeni wanaikimbilia.

Sasa vikwazo. Hizo 800,000 zinatakiwa ziwe zimelala kwenye akaunti yenye jina la muombaji peke yake, sio ya pamoja mume na mke, miezi 2 kabla ya kuomba nyongeza, na tangu mwaka 2019 zinatakiwa zibaki hapohapo miezi 3 baada ya kupewa, baada ya hapo unaweza kushuka lakini sio chini ya 400,000. Kwa maneno mengine ni hela yako ila sio ya kula. Kila siku 90 unaripoti unapoishi, ukichelewa faini baht 2,000. Na kubwa kuliko, ukitaka kutoka nchini hata kwa msiba lazima kwanza uchukue kibali cha kurudi, cha safari moja baht 1,000, cha safari nyingi 3,800, ukitoka bila hicho ile nyongeza yako ya mwaka imekufa pale uwanja wa ndege na unaanza upya. Namfahamu mama mmoja alipigiwa simu usiku kwamba dada yake amefariki, alfajiri yuko kwenye ndege, kibali hakukumbuka na nani angekumbuka, alivyorudi anapigwa muhuri wa mtalii. Ndo maana nawaambia wateja wangu, siku mnapewa nyongeza, siku hiyohiyo, dirisha la jirani, chukueni cha safari nyingi hata kama hamna mpango wa kwenda popote.

Kule pia watakufuata watu wa "we njoo tu, hizo laki nane sisi tunakuwekea kwenye akaunti kwa muda, unalipa ada". Ni biashara ipo na inajulikana, ila wewe ndo umesaini fomu kwamba hela ni yako, wakikaguliwa anayefukuzwa nchini ni wewe na mzee, sio wao. Na ardhi huwezi kumiliki kama mgeni, fleti unaweza, mradi wageni kwenye jengo zima wasizidi asilimia 49.

Moja hujaitaja ila naitaja kwa sababu ya ile pensheni ya mzee: Panama. Viza yao ya wastaafu, Pensionado, inataka pensheni ya maisha ya dola 1,000 kwa mwezi na 250 juu kwa mwenzi, jumla 1,250, mzee ana 1,300, mmepita kwa hela yake tu bila hata kugusa nyumba wala mkupuo. Wanatumia dola kwaiyo hamna kizunguzungu cha kubadilisha, na ukaazi wake ni wa kudumu tangu mwanzo. Sharti uombe ukiwa hukohuko na kupitia mwanasheria wa kule. Umbali na Kihispania ni juu yenu.

Chochote mtakachochagua jueni sheria hizi zinabadilika na hazikuulizi. Malaysia walikuwa na mpango wao maarufu wa wageni kwenda kuishi kule, MM2H, watu wanaupenda, kipato kinachotakiwa ringgit 10,000 kwa mwezi, mwaka 2021 wakaamka wakafanya 40,000, mwaka 2024 wakageuza tena wakaweka madaraja na lazima ununue nyumba. Kwaiyo taarifa ya rafiki aliyeenda mwaka 2018 ni hadithi nzuri ya kusikiliza tu. Masharti chukua kwenye tovuti ya ubalozi, tena ubalozi unaohudumia pale mnapoishi, maana balozi mbili za nchi moja zinaweza kutofautiana orodha.

Kuhusu uhasibu wako wa onlaini. Hapa naomba uniamini hata kama utachukia. Kwa viza ya mstaafu ya Thailand kufanya kazi ni marufuku, ya Hispania jina lenyewe linasema, na wameshawahi kukataa watu kwa sababu tu barua ya mwajiri ilionekana kwenye faili, wao kazi ya kompyuta wameitengenezea viza yake tangu Januari 2023, Ureno nayo ina yake, D8, ambayo inataka kipato mara nne ya kima cha chini. Kwaiyo usiandike kwenye maombi kwamba "nitaendelea na kazi kidogo" ukidhani unaonekana mchapakazi. Kwa afisa hilo ni faili lililojikataa lenyewe. Na simaanishi ufiche ukaendelee kimyakimya, maana hela ya wateja itaingia kwenye stetimenti na stetimenti utaionyesha tena wakati wa kuhuisha. Kama kazi unaitaka kweli basi mjadili na mzee, mmoja aombe njia nyingine kabisa, au uifunge. Funga tu mama, umefanya kazi vya kutosha.

Makaratasi sasa, na hapa nijiseme mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya hii kazi niliandaa faili la wazee wawili, zuri, nikalisifia kabisa, nikatanguliza cheti cha tabia njema kwa sababu ndo kilikuwa rahisi kupata, nikakipeleka kwa mtafsiri, mtafsiri akaumwa, barua ya pensheni ikachelewa, siku ya apointimenti dada wa dirishani anahesabu kwa vidole, cheti kimepita muda wake kwa siku 9. Faili zima likarudi na apointimenti nyingine ikapatikana baada ya miezi miwili. Tangu siku hiyo napanga kinyumenyume, nachukua tarehe ya apointimenti, narudi nyuma. Vyeti vya kuzaliwa na ndoa vinatangulia, barua za pensheni na stetimenti zinafuata, cheti cha polisi na cha daktari ndo vya mwisho kabisa kwa sababu ndo vinavyooza haraka, cha polisi mara nyingi miezi 3 hadi 6, na kama mmeishi nchi nyingine miaka ya karibuni cha kule nacho kitadaiwa.

Mhuri mkubwa utakaousikia ni apostili, wa kuthibitisha cheti ili kitumike nje ya nchi. Unatokana na mkataba wa Hague wa mwaka 1961, nchi inayotoa cheti na inayokipokea zikiwa zote kwenye mkataba, mhuri mmoja unatosha. Kama moja haimo, mnapita njia ndefu, wizara ya mambo ya nje kwanza, halafu ubalozi wa nchi mnayokwenda nao unathibitisha muhuri wa wizara. Anza kwa kuuliza ninyi mko upande gani, maana tofauti ni wiki moja kwa mwezi mzima. Na mhuri unagongwa kabla ya kutafsiri, sio baada, ili mtafsiri autafsiri na wenyewe.

Majina! Nisiache majina. Chukua pasi yako, cheti cha ndoa, barua ya pensheni na stetimenti, vipange mezani vinne kwa pamoja usome jina herufi kwa herufi. Kina mama hasa, cheti cha ndoa kina jina la baba, pasi ina jina la mume, mfuko wa pensheni umeandika herufi moja katikati badala ya jina zima, benki wamesahau h. Kwako wewe ni mtu mmoja, kwa afisa asiyekujua ni watu watatu. Kama vinapishana nenda kwa wakili mle kiapo cha majina mapema, na benki wakurekebishie.

Presha ya mzee ndo inanisumbua kuliko hela. Watu wanaweka bima mwisho kabisa kama kitu cha kununua dukani, wakati kwa mtu wa miaka 61 bima ndo inayoamua nchi. Hispania kwa mfano wanataka bima binafsi isiyo na kuchangia matibabu wala kipindi cha kusubiri, na makampuni mengi yana umri ambao hayapokei mteja mpya, mengine yanakupokea lakini yanaandika pembeni kwamba ugonjwa uliokuwa nao kabla hayaugharamii. Msifiche presha kwenye fomu, siku akilazwa watavuta rekodi zake na kukataa kulipa, na hospitali ya kule itawadai nyie. Ulizeni bei kwa maandishi, ya leo na ya akifika 70, weka hiyo ya 70 kwenye bajeti ndo uone kama 2,300 bado inatosha.

Kodi niseme kwa ufupi. Ukiishi nchi zaidi ya nusu mwaka (Hispania siku 183, Thailand 180) unakuwa mlipakodi wao, na pensheni yenu inaweza kuguswa, Thailand tangu Januari 2024 wanaangalia hata hela ya nje unayoiingiza nchini. Ureno ule unafuu wa kodi uliokuwa ukisifiwa sana umefungwa kwa wapya tangu 2024, kwaiyo ukikuta bado kuna mtu anaunadi mpite. Kinachowaokoa ni kama kuna mkataba wa kutotozwa mara mbili kati ya nchi mbili hizo, hilo muulize mtu wa kodi, na wewe mhasibu utamuuliza vizuri kuliko mimi.

Na swali moja nendeni nalo kwenye mfuko wa pensheni wote wawili, mkae mbele ya afisa aandike jibu: mkihama, wanalipa kwenye akaunti ya nje au lazima ya nyumbani, na uhakiki wa kwamba bado mko hai unafanyikaje mkiwa mbali. Mifuko mingi inadai mstaafu ajitokeze au atume cheti cha uhai kilichothibitishwa na ubalozi, ukipitwa na tarehe malipo yanasimama. Fikiria yanasimama mwezi uleule mnaohuisha kibali.

Kwaiyo kama ningekuwa mimi, Ureno ingekuwa ya kwanza na Panama ya akiba, ila kabla ya kulipa senti yoyote ya viza ya kustaafu ningeenda huko nikakaa miezi miwili kama mgeni wa kawaida, tena kipindi kibaya cha mwaka, sio cha likizo. Ureno nendeni Januari, nyumba nyingi kule hazina mfumo wa kupasha joto na baridi yake ni ya ndani ya nyumba, mzee na presha yake aionje kwanza.

Wiki hii fanyeni mawili tu. Mpangaji aanze kulipa benki. Na pasi ya mzee ibadilisheni sasa hivi, msisubiri iishe, Hispania peke yake wanataka iwe na mwaka mzima mbele ukiomba na wengine wanakaribia hapo, lakini sababu yangu kubwa ni namba. Pasi mpya inakuja na namba mpya, na namba ya pasi ndo itaandikwa kwenye cheti cha polisi, kwenye bima, kwenye NIF, kwenye mkataba wa nyumba. Ukiibadilisha katikati unarudia vyote.